Jogoo Aliyepelekwa Mavuno

Kuna watu wakiona mshale umechorwa kwenye boksi wanadhani ni urembo. Mwanamke aliyenitumia mayai kutoka Shinyanga alichora mishale minne, kila ubavu mmoja, kwa kalamu nene nyekundu, na chini yake akaandika MAYAI YA KUTOTOLESHA, JUU NI HUKU. Nilipofika kwenye ofisi ya vifurushi, stendi ya Arusha, nililikuta boksi limesimama kichwa chini miguu juu, na juu yake gunia la dagaa. Karani alikuwa anakunywa chai. Nilimwuliza kama shuleni alifika darasa la kusoma.

"Sasa mama, si yamefika?" akasema. "Ungetaka ya kukaanga ungenunua hapo nje."

Nilimwambia maneno ambayo mke wa mzee wa kanisa hapaswi kuyajua, nikasaini, nikalibeba boksi kifuani hadi kwenye taksi. Njia nzima mpaka nyumbani Njiro nilimgombeza dereva kwa kila tuta.

Mimi ni mtu wa hasira, heri niseme mapema. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini hasira za karani na matuta huisha kabla ya chakula cha mchana. Hii ninayotaka kuieleza bado ninayo, na sina haraka ya kuiacha.

Yalikuwa mayai ya kuchi. Asiyemjua kuchi amfikirie kuku aliyesimama wima kama askari wa gwaride, shingo ndefu, mdomo mfupi uliopinda, kilemba kidogo kisichojaa kiganja cha mtoto, na macho ya mtu anayekudai heshima. Baba yangu alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Shinyanga, Mchaga peke yake mtaa mzima, na ndio kuku aliowafuga. Mimi nilikulia katikati yao. Alipostaafu na kurudi Kilimanjaro aliwaacha, kwa sababu mama alisema hapandi basi moja na kuku. Tangu siku hiyo mpaka anakufa, kila alipoona kuku wa jirani alisema tu, "Hao ni kwale," akageukia upande mwingine.

Kwa hiyo nilipostaafu ualimu nilitaka kuchi safi, wasiochanganyika, wakae uani kwangu. Basi. Sikutaka biashara, sikutaka mradi. Nilitaka nikifungua mlango asubuhi nione kitu ambacho baba angekiona angekaa chini akakitazama.

Arusha kuchi safi humpati. Utaambiwa huyu hapa kuchi, ukimtazama miguu unaona bibi yake alikuwa kuku wa kizungu. Nilimpata yule mwanamke wa Shinyanga kupitia kundi la wafugaji kwenye simu. Kuku wakubwa alikataa kuuza kabisa. Mayai alikubali baada ya kumbembeleza miezi miwili. Alinifungia ishirini, kila yai kwenye kipande chake cha gazeti, yote yakazikwa kwenye pumba za mpunga. Manne yalipasuka. Yale kumi na sita yaliyobaki niliyapanga kwenye trei, ncha chini, nikayaacha yatulie siku nzima stoo, maana yai lililosafiri likitiwa kwenye mashine siku hiyo hiyo ni sawa na kumwamsha mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji ukamwambia akalime. Nilipoyapima kwa tochi niliona vyumba vya hewa vinachezacheza ndani kama maji kwenye chupa. Nilimlaani karani tena, safari hii kwa Kichaga.

Siku ya saba nikapima tena: matano meupe, hayana kitu. Siku ya kumi na moja umeme ulikatika asubuhi ukarudi jioni. Niliifunika mashine kwa mablanketi, nikazungusha chupa za maji ya moto, nikakaa pembeni na kipimajoto kama muuguzi wa zamu. Mume wangu alirudi kutoka kikao cha wazee wa kanisa, akauliza kwa nini blanketi lake liko juu ya boksi. Nilimweleza. Nilimweleza yote: Shinyanga, baba, mbegu, joto. Akasema, "Ee," akaenda kutafuta chakula.

Mume wangu ni mpole. Watu wote wanasema hivyo, na ni kweli. Katika ndoa yetu yote hajawahi kunipandishia sauti. Anasikiliza huku anatikisa kichwa, anasema "ee", na wewe unabaki unaamini kwamba kuna mtu amesikia.

Walitoka watano. Mmoja miguu yake ilikuwa imepanuka huku na huku, akafa siku ya tatu. Ulikuwa mwezi wa saba, ule wa ukungu wa Meru unaoshuka mpaka kwenye kamba ya nguo, na wale wanne niliwalea chumba cha wageni, chungu cha makaa upande mmoja na dirisha nimeliacha wazi kidogo upande wa pili. Nilinuka moshi mwezi mzima. Nilipokuwa na uhakika kwamba watapona niliwapiga picha nikamtumia yule mwanamke. Hakujibu kwa maandishi. Alipiga.

"Dada," akasema, "kideri kimenipitia. Banda lote. Hata mmoja hajabaki." Akaongeza, "Hao wako wanne ndio mbegu. Watunze, dada yangu."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Wanne. Walipokua ikaonekana matetea ni watatu na jogoo ni mmoja. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza: jogoo mmoja. Matetea watatu bila jogoo wao watataga mayai mazuri sana ya kukaanga, na hadithi itaishia kwenye kikaango. Nilichohitaji ni kumlinda yule mmoja mpaka matetea waanze kutaga, nitotoleshe mara mbili au tatu, nipate majogoo wengine. Baada ya hapo, mwewe amchukue akitaka.

Na mume wangu nilimwambia. Hapo ndipo sitaki mtu anibishie. Nilimwambia mezani. Nilimwambia njiani tukitoka kwenye msiba. Nilimwambia siku ya chanjo, yeye mwenyewe amemshika jogoo kwa mikono miwili, mimi namdondoshea dawa jichoni: "Huyu akipotea, baba, tumekwisha. Hakuna mwingine." Akasema, "Ee." Akaongeza kwamba amekuwa mzito. Sasa najua alikuwa anampima.

Sikukuu ya Mavuno usharikani kwetu iliahirishwa mara mbili, ikaangukia jogoo wangu akiwa na miezi saba na matetea bado hawajataga. Mavuno kwetu ni jambo kubwa. Hata sisi wa Njiro, ambao shamba letu ni maua mawili getini, hatuendi mikono mitupu. Mtu hununua mkungu wa ndizi, au trei ya mayai, au maharage, anapeleka madhabahuni mzima mzima, na ibada ikiisha vyote vinapigwa mnada nje. Mimi nilikuwa nimenunua mkungu wa ndizi, mzuri, nimeuweka jikoni. Niliondoka mapema kwa sababu ya mazoezi ya kwaya. Nilimwambia mume wangu, "Sadaka iko jikoni." Akasema, "Ee."

Tulikuwa mbele, tumevaa majoho, tunaimba wimbo wa kutolea, watu wanakuja kwa mistari. Mahindi, maziwa kwenye ndoo, mbuzi anayekataa ngazi. Halafu nikamwona mume wangu anakuja katikati, kavaa suti yake ya kijivu, uso unang'aa kama wa bwana harusi, na kwapani kwake yuko jogoo wangu. Miguu imefungwa kwa kipande cha kitenge. Kitenge changu, kile cha kijani. Shingo ndefu imesimama juu ya mkono wa suti, na macho yale yanatazama waumini mmoja mmoja bila kuogopa.

Nilinyamaza katikati ya ubeti. Mwenzangu wa sauti ya pili alinikanyaga mguu nikaendelea kufungua mdomo, lakini hakuna kilichotoka. Wakati wa maombi jogoo aliwika. Kanisa zima likacheka, na mchungaji mgeni aliyekuja kuhubiri siku hiyo, anayetoka huko juu Olmotonyi, akasema hata viumbe vinamsifu Muumba. Mume wangu alitabasamu. Ningekuwa na kitu mkononi ningekirusha.

Nilimkamata nje kabla mnada haujaanza. Nilisema kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza.

"Baba, ndizi ziko wapi?"

"Nimeona ndizi kila mtu ataleta," akasema. "Mungu anapewa kilicho bora, mama. Na wewe nimekufikiria. Si nimekuachia matetea wote watatu?"

Alikuwa anangoja nimshukuru. Naapa, alisimama pale anangoja. Alikuwa amepiga hesabu zake: matetea ndio wenye faida, jogoo ni wa kuliwa, kwa hiyo yeye ametoa jogoo mzuri kuliko wote na mke wake hajapungukiwa kitu. Kila mtu mzima pale uwanjani angemwambia amefanya vizuri.

Nisingeweza kumrudisha kwa maneno. Kitu kikishawekwa madhabahuni huendi kusema samahani, ilikuwa makosa. Lakini kukinunua unaweza. Kwa hiyo nikajipenyeza mpaka mbele, bado na joho langu, na dalali alipomwinua jogoo juu nikawa wa kwanza kutaja bei. Watu wakashangilia: "Mama anakomboa jogoo wake!" Mfanyabiashara mmoja mwenye tumbo kubwa, kwa utani tu, akapandisha. Nikapandisha. Akapandisha tena huku anacheka, na wenzake wanampigia makofi. Nilimtazama kwa namna ambayo cheko lilimwishia taratibu, akainua mikono akasema, "Basi mama, chukua, chukua."

Nikachukua pumzi. Nilikuwa nimekwisha nyoosha mikono.

Kuna desturi moja nilikuwa nimeisahau, au hasira ilinifanya nisiikumbuke. Kwetu mtu hanunui sadaka iliyotoka nyumbani mwake akarudi nayo nyumbani. Ni aibu, ni kama kumpa mtu zawadi halafu ukamfuata nayo mlangoni. Ukiinunua, unamtunza mtu nayo: mzee, mjane, mgeni. Dalali, ambaye hakuwa na nia mbaya yoyote, akaniuliza kwa sauti kubwa uwanja mzima ukisikia, "Haya mama yetu, unamtunza nani?"

Nilifungua mdomo. Ningesema nini sijui mpaka leo. Nyuma yangu sauti ya mume wangu, ile ya upole, ikajibu kwa furaha: "Mchungaji mgeni!"

Vigelegele vikapanda mpaka kwenye mabati. Kina mama wa kwaya wakanizunguka, wakaanza kucheza. Jogoo akapita juu ya vichwa vya watu, mkono kwa mkono, mpaka kwa mchungaji mgeni, akafungiwa kwenye buti la gari pamoja na maboga. Na mimi nilipiga vigelegele. Nilisimama pale na ulimi wangu mwenyewe nikapiga vigelegele kama wenzangu, kwa sababu watu walikuwa wananitazama. Hilo sijamsamehe mtu yeyote, na wa kwanza ni mimi.

Jumatatu asubuhi nilinunua kuku wawili wa mayai, wanene, wanaotaga, nikawatia kwenye kikapu nikaenda Olmotonyi. Nilikuwa nimejipangia maneno. Ningesema jogoo yule ni mkorofi, atawadonoa watoto, afadhali tubadilishane. Kwa ajili ya jogoo yule ningemdanganya mke wa mchungaji mchana kweupe, na ningelala usingizi.

Nyumba yao iko karibu na miti ya msitu, baridi inauma hata jua likiwa limetoka. Mama mchungaji alikuwa mdogo kwangu, angeweza kuwa mwanafunzi wangu. Aliniamkia shikamoo akiwa amepiga goti nusu, akanipokea kikapu, akaniketisha, akaleta chai ya maziwa. Nilitazama uani kupitia mlangoni. Niliona kuku wa kawaida watatu na bata.

"Nimekuja kuhusu yule jogoo wa jana," nikaanza.

"Ooh mama, asanteni sana! Mungu awabariki," akasema. "Tulimchinja jana hiyo hiyo, watoto walikuwa wamekuja kutoka shule. Lakini mama," akacheka akiziba mdomo kwa mkono, "yule jogoo ni mgumu! Tumemchemsha masaa matatu. Baba mchungaji anasema labda alikuwa mwanajeshi."

Nikacheka. Nilicheka kabisa, na chai ilinipalia. Angalau pale palikuwa na sababu ya machozi. Kuku wawili niliwaacha, maana ukishampa mtu kikapu humwambii arudishe, na yeye akanifungashia parachichi na kabichi kwa baraka nyingi. Nilirudi Njiro nimebeba kabichi.

Mume wangu alikuwa kibarazani na simu yake. Sikukaa. Nilimwambia jogoo amechinjwa. Akasema, "Ee, walimfurahia?"

Hapo ndipo nilipopasuka. Jirani zetu wana ukuta mrefu na nyaya za umeme juu yake, na wote walisikia. Nilimwambia kuhusu Shinyanga, kuhusu kideri, kuhusu matetea watatu ambao sasa ni wajane kabla ya kuolewa. Nilimwambia kuhusu baba yangu na ile miaka yake yote ya kugeuzia kwale mgongo. Nilimwuliza ile siku ya chanjo alipokuwa amemshika jogoo kwa mikono yake miwili, alidhani mimi naongea na nani. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na hicho ndicho kilichonichoma zaidi, kwamba hakuwa anajifanya.

"Sasa mama," akasema, "mbona hukuniambia?"

Siku tano sikuzungumza naye zaidi ya chakula kiko mezani. Jumamosi alitoka asubuhi akarudi saa sita na gari la kukodi, akateremka na jogoo. Mwekundu, mnene, kilemba kinaanguka hadi jichoni, miguu mifupi ya njano. Alikuwa amezunguka masoko mawili kumtafuta. Alimweka chini uani kwa uangalifu, suruali imejaa manyoya.

"Huyu hapa," akasema. "Mkubwa kuliko yule. Sasa mayai yako yatakuwa na vifaranga."

Jogoo hakungoja kuambiwa. Alijikung'uta, akaanza kuwazunguka matetea wangu akishusha bawa. Wale waliokuwa wamebaki, mbegu ya mwisho ya banda zima, na hiki kitu chenye miguu ya njano kinawatembelea kwa hatua za mwenye nyumba. Wiki moja tu na kila yai lingekuwa lake.

Kwetu kuchinja ni kazi ya mwanaume. Mwanamke hushika miguu na kuangalia pembeni. Niliingia jikoni nikachukua kisu cha kukatia nyama. Nilimkamata yule jogoo mwenyewe, nikamkanyaga mabawa kama nilivyoona baba akifanya, nikamchinja pale pale mbele ya mume wangu, miguu ya suruali yake ikarukiwa na damu. Alisogea hatua moja nyuma.

Nilimnyonyoa, nikampika kwa nazi na karoti, na alilainika haraka sana, nusu saa tu. Saa tisa nikatenga. Mume wangu alinawa, akaomba maombi ya chakula kwa sauti ya kawaida, akakaa akiitazama sahani bila kuigusa. Nje matetea walikuwa wanaparura. Siku chache baadaye wangeanza kutaga, mayai makubwa yenye rangi ya maziwa ya chai, na mimi ningeyaokota nikijua kwamba hayana kitu.

"Mama," akasema, "kwani baba yako aliwapata wapi wale kuchi wake wa kwanza?"

Jibu nilikuwa nalo. Ni hadithi ndefu na nzuri, na mtu aliyekuwa anaijua zaidi yangu amekufa. Nilikuwa nimengoja aniulize tangu siku ile boksi lilipoingia nyumbani.

"Kula," nikamwambia, nikamsogezea bakuli la mchuzi. "Chakula kinapoa."